Sina Kifua

Safari iliyonileta Changamwe ilianzia Malaba, mpakani, mvua za masika zilipokuwa zikiisha. Nilikuwa nikiendesha lori la magunia ya kahawa, na utingo wangu, Juma, alianza kukohoa tangu Eldoret. Tulipopanda Timboroa baridi ilikuwa kali hata tukawa tunaona pumzi zetu. Kila nilipofungua dirisha alijifunika koti kichwani.

"Dere, funga. Nitakufa kabla ya Nakuru, na wewe huna leseni ya kubeba maiti."

Nikafunga. Hewa ikawa moja, yake na yangu. Tulipofika mji wa Salama gari likaharibika, tukangoja spea tukilala ndani, madirisha tumeyafunga kwa sababu ya wezi. Juma alinionyesha mfuko wa vidonge, akasema hospitali imemwambia amalize tu, atapona. Sikufikiri zaidi ya hapo. Kikohozi kilikuwa chake. Baada ya Mtito Andei joto lilitulazimisha kufungua madirisha, tukateremka hadi Mariakani tukiimba, na jioni yake tukaingia Changamwe, tukashusha mzigo. Juma alirudi bara na gari jingine. Mimi nikabaki.

Sikukusudia kubaki. Nimezaliwa Webuye, nikafika kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimeishi Kitale, Lodwar, Garissa, Kampala, Nakuru mara mbili. Kila nilipokaa nilikuwa nikikumbuka nilikotoka. Nikiwa Garissa nililia moyoni kwa ajili ya mvua za Kitale ambazo nilipokuwa Kitale nilizitukana. Magongo, mtaa wa hapo hapo Changamwe, nilibaki kwa sababu nilipata kazi ya kuvuta makontena kutoka bandarini hadi kwenye yadi, na kwa sababu ya Kadzo, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi langoni mwa nyumba nilimopanga chumba. Ni mtu wa Kaloleni. Kabla ya vuli tulikuwa tunakaa chumba kimoja, bila padri wala mahari, na mwenye nyumba, Bi Mwanakombo, alitusamehe kwa masharti ya kumsalimu vizuri kila asubuhi.

Haya nayaandika kwa kuwa ugonjwa umekwisha, na kwa kuwa najua yupo mtu mahali fulani amelala kwa tumbo, simu mkononi, akiiuliza simu maswali niliyoiuliza mimi.

Mgongo ulianza wakati wa vuli. Nilisema ni kiti cha gari. Kila dereva ana mgongo; tukikutana kwenye foleni ya bandari tunaulizana habari za migongo kama wengine wanavyoulizana habari za watoto. Lakini mgongo wa dereva hutulia ukilala. Wangu ulikuwa ukiningoja nilale ndipo uamke. Ulikuwa katikati, chini kidogo ya mabega, kama mtu aliyeweka kidole pale na hakiondoi.

Kisha ikaja kaskazi, na kaskazi ndiyo iliyonidanganya. Nilikuwa nikiamka shuka limelowa hadi godoro. Sasa, Mombasa wakati wa kaskazi nani halowi jasho? Kadzo alikuwa akilowa, Bi Mwanakombo alikuwa akilala na upepeo kifuani, ukuta wenyewe ulikuwa ukitoa jasho. Nikasema ni joto la pwani, mimi mtu wa bara sijalizoea. Suruali zikaanza kunivuka kiunoni. Nikasema ni joto, hamu ya chakula imepungua. Kila kitu kilikuwa joto.

Zahanati ya kwanza nilipewa dawa za maumivu. Ya pili nilipewa sindano na mkanda wa kiunoni. Safari ya tatu nilikwenda hospitali ya serikali, na Bi Mwanakombo akanisindikiza kwa kuwa Kadzo alikuwa na mbaazi jikoni. Tulikaa kwenye benchi la saruji tukisogea kidogo kidogo, kila mmoja akirithi joto la aliyetangulia. Nesi alikuwa akipita na maswali yake, yale yale kwa kila mtu.

"Una kifua wewe?"

"Sina."

"Wallahi hana," Bi Mwanakombo akadakia. "Yuwaumwa ni mgongo. Kifua hana hata kidogo, ukimpa siri asubuhi, adhuhuri iko sokoni."

Benchi zima likacheka, na nesi akacheka, akaendelea kwa mwingine. Mimi pia nilicheka. Nimeukumbuka mzaha ule mara nyingi kuliko jambo lolote aliloniambia daktari siku ile, maana daktari aliniambia nipumzike na nisibebe vitu vizito.

Mwajiri akanipumzisha kweli. Akampa mtu mwingine gari. Nikawa nalala mchana, Kadzo langoni, mimi chumbani na simu. Ndipo nikaanza kutafuta.

Wengi hudhani kutafuta ni kuandika neno tu na jibu likaja. Mara ya kwanza niliandika kwa Kiswahili, mgongo unauma, dawa. Nikaletewa wauza mitishamba, wahubiri, na bwana mmoja wa Tanga aliyeahidi kunyoosha uti wa mgongo kwa njia ya simu. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule. Hapo nikagundua kuwa madaktari wana miongozo yao iliyoandikwa, inayosema mgonjwa wa namna hii apimwe nini, kwa utaratibu gani, na kwa haraka gani. Kuna maghala ya mtandaoni yanayoikusanya miongozo hiyo kutoka nchi nyingi. Ghala moja la ng'ambo, lililosifiwa kila mahali, nililibishia hodi siku kadhaa kabla sijaelewa kuwa lilishafungwa zamani. Waliolisifu hawakurudi kufuta sifa zao. Jingine liliniuliza mimi ni nani: daktari, muuguzi, mfamasia au mwanafunzi. Dereva hakuwemo. Nikajiandikisha muuguzi.

"Basi, nesi," Kadzo alisema nilipomweleza, "mgonjwa wako atakula nini leo?"

Mwongozo wa maumivu ya mgongo ulikuwa karibu sawa kila ghala. Wengi hupona wenyewe, ulisema, lakini kwanza daktari aangalie kama kuna bendera nyekundu. Neno hilo nililielewa kabla ya maelezo yake. Mzigo ukipita urefu wa gari unafunga kitambaa chekundu nyuma yake, anayefuata ajue kuna kitu kimechomoza hapo. Nikamsomea Kadzo, aliyekuwa akikanda unga.

"Bendera nyekundu? Kumbe wazungu nao wana waganga," alisema. "Kwetu ukiona bendera nyekundu juu ya nyumba unajua ndani kuna kibuyu."

"Hizi ni za mwilini."

"Mwilini zimesimikwa wapi?"

Nikamsomea. Homa. Jasho la usiku. Kukonda bila sababu. Maumivu yasiyotulia hata ukilala. Miguu kukosa nguvu. Mkojo kukataa kutii. Nilipofika mwisho alikuwa ameacha kukanda, mikono imezama kwenye unga.

"Nne za kwanza unazo," alisema.

"Jasho ni joto."

"Simiyu," aliniita kwa jina. "Mimi nalala hapo hapo ulipo. Jasho langu halitoki na baridi. Wewe unatetemeka."

Chini ya bendera kulikuwa na magonjwa ya kufikiriwa. Saratani, maambukizi, mfupa kuvunjika. La kwanza lilinitosha. Sikusoma la pili. Kaskazi yote iliyobaki niliisoma saratani: ya mifupa, ya tezi ile ya wanaume, ya damu. Nilijua mapendekezo ya tiba yenye ushahidi mzito, ya herufi A, na yale yenye ushahidi dhaifu, ya herufi C. Nilijua wenzetu wa nchi za mbali hupewa nini wakifika hatua ya mwisho, na nani humshika mkono mgonjwa. Nilikuwa nikifunga simu na kutazama bati. Nilijiona nimeshakufa, ila mwili haujaambiwa.

Nikampigia kaka yangu mkubwa, Wafula, kule Webuye. Nilidhani atanifariji.

"Rudi nyumbani," alisema. "Mtu hafi ugenini kama mbwa wa stendi."

"Sijafa."

"Ndiyo maana nasema rudi sasa. Kusafirisha mtu anayeweza kukaa kitini ni rahisi kuliko..." Hakumaliza.

Kadzo alikuwa ameketi karibu, na simu yangu husikika hadi uani. "Mwambie kaka yako mimi si stendi," alisema, akatoka.

Siku zile hatukusemezana vizuri. Yeye alitaka nirudi hospitali. Mimi nilisema nitarudi nikijua cha kuwaambia. Yeye alisema simu inanila. Kweli ilikuwa ikinila, lakini ndilo jambo pekee nililoweza kulifanya nikiwa nimelala. Mtu aliyezoea kwenda, akifungwa, hutafuta hata barabara ya kidole gumba. Nilikuwa nikisafiri katika maghala yale: mwongozo wa nchi ya baridi, wa nchi ya jangwa, wa kisiwa ambacho sijui kiko bahari gani.

Siku moja nikachoka na nchi za watu. Kwenye sehemu ya kuchuja majibu nikachagua Afrika, nikaandika mgongo, homa, jasho, kukonda. Juu kabisa ukaja mwongozo wa kifua kikuu.

Nilidhani ghala limekosea. Nikaupita. Nikabadilisha maneno, nikaweka uti wa mgongo. Ukaja tena, ule ule, wa kwanza. Nikaondoa homa. Ukaja.

"Sina kifua," niliiambia simu kwa sauti.

"Unasema na nani?" Kadzo akauliza kutoka uani.

"Na mpumbavu."

Nikafunga. Nawaambia haya wazi, msinione mjanja kwa kuwa nilitafuta. Nilipewa jibu na nikalifukuza, kwa sababu lilikuja na jina nisilokuwa nalo mwilini.

Mvua za masika zilipoanza nikapoteza ndara. Nilikuwa nimetoka msalani, nikavuka uani, na Bi Mwanakombo akiwa barazani kwake akaniita.

"Mwanangu, umeacha kiatu nyuma."

Nikatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, kwenye matope, na ndara iko hatua kadhaa nyuma. Sikuwa nimehisi ikitoka. Sikuwa nikihisi matope. Nikasimama pale mvua ikininyea, nikiutazama mguu kama mguu wa jirani. Miguu hii ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Sikuwahi kuwa na shamba, wala nyumba, wala cheo. Nilikuwa na kwenda tu.

Bi Mwanakombo hakufanya mzaha. Alishuka barazani, mzee yule, akaokota ndara, akainama akanivisha. "Twende ndani," alisema. "Polepole. Nishike."

Jioni ile Kadzo aliniogesha, kwa kuwa sikuiamini miguu kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa akinisugua mgongo, kisha mkono ukasimama.

"Kuna mfupa umetokeza."

"Ni kukonda."

"Si kukonda. Mifupa mingine iko kwenye mstari. Huu umetoka nje." Akauchukua mkono wangu, akaupindisha nyuma, akakiweka kidole changu pale. Nikausikia. Kitu kimechomoza. Kama ningebaki hivyo ningekuwa na kibyongo, mimi niliyekuwa nikisimama wima kuliko madereva wote wa Malaba.

Kesho yake asubuhi nikaufungua ule mwongozo. Sehemu ya mbele yote ilikuwa ya mapafu na makohozi. Nikaendelea kuteremka, nikafika mlango unaohusu kifua kikuu kisicho cha mapafu. Kumbe kinaingia kwenye tezi, kwenye ubongo, tumboni, na mifupani, na mfupa kinaoupenda ni uti wa mgongo. Mgonjwa huumwa mgongo polepole kwa miezi. Huweza kutoa jasho usiku na kukonda. Pingili zinaliwa, mgongo unapinda, miguu inalegea. Na mwisho, kwa maneno machache ambayo nilitafsiri mara tatu ili nisijidanganye: anaweza asikohoe kabisa.

Kwa Kiingereza ugonjwa huu huitwa kwa herufi mbili tu, na herufi hazina mahali pake mwilini. Sisi tumeupa kifua. Jina likatuonyesha pa kutazama, na sote tukatazama hapo, nesi, mimi, benchi lote, tukaona hakuna kitu, tukacheka.

Mwongozo ulisema miguu ikianza kulegea, picha ya uti wa mgongo isicheleweshwe. Nikataka kujua niende wapi. Huko ng'ambo wana kitu kinaitwa vipimo vya ubora. Kila kipimo kina namba mbili, moja juu ya nyingine kama hesabu ya sehemu: chini ni wagonjwa wote waliostahili huduma fulani, juu ni wale walioipata kwa wakati. Unaweza kuona hospitali hii imewafikia wangapi, ile wangapi. Nilizitafuta hospitali za kwetu humo asubuhi nzima. Sikuzipata. Labda zimo mahali ambapo muuguzi wa uongo hafiki. Nilichojua ni kwamba mimi nilikuwa tayari nimehesabiwa kwenye namba ya chini, na hakuna aliyekuwa akiniita kwenye ya juu.

Nikarudi kwenye benchi lile lile la saruji, safari hii Kadzo amenishika kwapani. Nesi alipouliza kama nina kifua, nilisema, "Sijui." Akanitazama kama anayefanyiwa ujeuri, lakini akaandika kitu.

Daktari alikuwa msichana mdogo wa umri, amechoka, chai yake imepoa mezani. Nikampa simu. Alisoma mstari mmoja akanirudishia.

"Umesomea wapi?"

"Kwenye lori, daktari."

"Kila mtu siku hizi anakuja na simu. Jana nimeletewa dawa ya kisukari ya maganda ya ndizi."

"Hiyo si ya maganda. Ni mwongozo wenu. Teremka chini kidogo."

Kadzo akaingilia. "Daktari, samahani. Huyu ana maneno mengi. Mtazame tu mgongo."

Akanigeuza. Nilisikia vidole vyake vikishuka mfupa mmoja baada ya mwingine, kisha vikasimama pale pale pa Kadzo. Akaniambia nilale, ninyanyue mguu wa kulia, ukanyanyuka. Wa kushoto ukatetemeka, ukakaa. Akaivuta simu yangu mwenyewe, akasoma, na safari hii alisoma hadi mwisho.

"Usiku unatoa jasho?"

"Tangu kaskazi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliulizwa kama nina kifua."

Akauliza kwa sauti nyingine kama nimekaa karibu na mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu, na hapo ndipo nikamtaja Juma, Timboroa, na madirisha.

Sitaeleza sana habari za picha ya MRI, ila kwamba nililia ndani ya ule mtambo kwa sababu ulikuwa ukigonga kama injini inayokaribia kufa. Walinichoma sindano ndefu mgongoni wakachota usaha, na majibu yakaja kama mwongozo ulivyosema. Niliposikia si saratani nilicheka kwa sauti. Daktari wa mifupa, mtu mzima mkali, akaniambia nisifurahi haraka. Dawa zingeua wadudu, alisema, lakini mishipa ilikuwa imebanwa muda mrefu. "Mguu huo sikuahidi. Ungekuja mapema ningekuahidi."

Hilo ndilo neno lililokaa nami kusi yote. Vidonge vilikuwa vya mwaka mzima. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya soda ya machungwa, nikamwita Kadzo aone. Akasema sasa hata mimi nina kitu cha kuuza. Nilikuwa nimevaa koti gumu la plastiki kutoka kwapani hadi nyonga, na ndani yake nilikuwa nikiwashwa mahali nisipofika, nikimwomba Kadzo aingize kijiti cha mshikaki anikune. Kila asubuhi nilikuwa naukazia macho mguu wa kushoto, nikiuamuru dole gumba lisogee. Miezi yote ile halikusogea. Kuna siku nilitamani ingekuwa saratani, angalau ningekuwa nimemaliza.

Na jina lile lililotuficha ugonjwa sasa likatoka nje kututangaza. Mtu wa afya alikuja nyumbani kuuliza waliokaa nami, kama inavyotakiwa, na kabla ya jua kutua Magongo yote ilikuwa inajua. Kadzo alieleza mpaka akakauka. Ni cha mgongo, hakiambukizi, hakohoi. Watu waliitikia vizuri, wakapita, wakanunua mahamri kwingine. Mbaazi zikawa zinarudi sufuria nzima. Tukawa tunazila sisi, mchana na usiku.

Bi Mwanakombo peke yake alikuja kila asubuhi akakaa langoni, akala mahamri yake polepole, watu wamwone. "Niambukizeni basi," alikuwa akisema kwa kila anayepita. "Mimi nami nina mgongo." Haikusaidia sana, lakini sijasahau.

Dole gumba lilisogea vuli iliyofuata. Lilisogea kidogo, kama mtu anayekataa kuamka. Nilimwita Kadzo, akatazama, likakataa. Akakaa chini sakafuni akangoja. Mbaazi ikaungua, akangoja. Liliposogea tena akaweka kanga usoni, sikujua kama anacheka.

Kaskazi ile nilisimama nikishika ukuta. Masika yalipokuja nilikuwa na fimbo. Nikamaliza vidonge, nikavuliwa koti, na nyama ya mgongoni ilikuwa laini na nyeupe kama ya mtu mwingine. Nikaomba kiti cha lori kwenye yadi moja nikijaribu tu, gari limezimwa. Mguu wa kushoto uliikanyaga klachi, ikashuka nusu, ikarudi. Nikajaribu tena. Msimamizi aligeuka akatazama kwingine, nikamshukuru kwa hilo. Nikashuka.

Kadzo hakuweza kuuza tena Magongo. Dada yake alimpatia sehemu Junda, upande mwingine wa Mombasa, chumba cha wanawake watatu na watoto wao, na meza sokoni ambapo hakuna aliyemjua. Pale hapakuwa na nafasi ya mwanamume mwenye fimbo na jina lile. Wafula naye alikuwa amenipatia kibanda cha kuuza spea karibu na barabara kule Webuye, kazi ya kukaa.

"Nenda," Kadzo alisema. "Ukibaki hapa utakuwa mgonjwa wa Magongo hadi ufe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja nikuone ukishatupa fimbo."

Sote wawili tulikuwepo daktari aliposema kuwa fimbo hiyo ni ya maisha.

Kama mgongo wako haulali unapolala, na shuka linalowa na baridi, usijibu kuhusu kifua. Sema usiku wako ulivyo, wote, hata usipoulizwa. Na mwongozo ukikujia mara mbili, usiufukuze. Mimi nilikuwa nimeushika mguu wangu mzima mikononi, kwenye simu, nikaufunga.

Siku niliyoondoka Magongo tulikwenda stesheni ya treni ya Miritini asubuhi. Kadzo alinibebea begi hadi pale ambapo asiye na tiketi hapiti. Hakulia. Alininyooshea kola ya shati, akaniambia nisile vitu vya njiani, kama naenda siku mbili. Nikachukua begi mgongoni, fimbo mkono wa kulia, na mbele yangu kulikuwa na ngazi. Mlinzi alinionyesha lifti kwa kidole, nikakataa. Nilikuwa nimezipanda ngazi kama zile kichwani, nikiwa nimelala, miezi mingi.

Nikapanda. Kulia kwanza, kisha kushoto unaletwa. Nilijua yuko chini ananitazama, na nilijua nikifika juu watu hugeuka wakapunga mkono. Sikugeuka. Asije mtu akamwambia Kadzo kwamba nilikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa bado sijajifunza kugeuka bila kushika kitu.